Hesabu Hazisomwi kwa Macho

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Wahenga waliponena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, nadhani walikuwa wamepita darasani kwetu wakati wa prepu ya asubuhi. Saa hiyo daftari moja la hisabati huzunguka kutoka dawati hadi dawati kama sahani ya sadaka. Kila mtu ananakili mbio mbio. Mwenye daftari siku hiyo huitwa profesa, na huahidiwa mkate wa saa nne. Mwalimu akiingia, anapata madaftari yote yamejaa. Hata pale profesa alipokosea, sote tumekosea vile vile!

Siandiki haya kama malaika. Muhula wa pili mwaka jana nilipata alama 23 kwa mia katika hisabati. Na nilikuwa nimebukua, tena sana. Nilikesha na tochi chini ya blanketi nikisoma mifano iliyofanywa kitabuni. Kila mstari niliousoma, kichwa kiliitikia: ndiyo, nimeelewa, twende mbele. Asubuhi nikaingia chumba cha mtihani nikijiamini.

Swali lenyewe lilikuwa hili. Shamba la umbo la mstatili lina eneo la mita mraba 84. Urefu wake umezidi upana kwa mita 5. Tafuta urefu na upana. Nililitazama hadi macho yakaniuma. Mimi nilikuwa nimekariri milinganyo yenye x, na shamba hilo halikuwa na x hata moja! Kumbe x nilipaswa kuiweka mwenyewe. Ukiuita upana x, urefu ni x + 5. Ukizidisha unapata x² + 5x = 84, yaani x² + 5x − 84 = 0, ambayo ni (x + 12)(x − 7) = 0. Upana hauwezi kuwa chini ya sifuri, basi ni mita 7, na urefu ni mita 12. Hesabu yenyewe niliijua. Nilichokosa ni mazoezi ya kuianza peke yangu.

Maoni yangu ni kwamba wengi wetu hatufeli hisabati kwa uvivu wala kwa kukosa akili. Tunafeli kwa sababu tunazisoma hesabu kwa macho, kama hadithi. Kumtazama mama akisonga ugali miaka kumi hakukufanyi uweze kuusonga. Lazima ushike mwiko, uungue kidogo, ujue.

Basi tufanyeje? Mimi nilianza kwa kufunika jibu. Nikisha kuusoma mfano, nafunga kitabu na kuufanya upya kwenye karatasi tupu. Nikikwama, nafungua, natazama hatua moja tu, nafunga tena. Mara ya kwanza utaona haya, maana ulichodhani umeelewa kitakukimbia. Usife moyo. Kesho kutwa urudie hesabu ile ile, na wiki ijayo tena.

Pili, niliweka daftari la makosa. Kila hesabu ninayokosa naiandika humo pamoja na sababu: nilisahau alama ya kutoa, sikusoma swali, sikujua njia. Baada ya mwezi mmoja niligundua kwamba makosa yangu mengi ni yale yale matatu. Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa.

Tatu, tufanye karatasi za miaka iliyopita kwa saa. Hisabati ya KCSE ina karatasi mbili, kila moja ya saa mbili unusu na alama 100. Hiyo ni dakika moja na nusu kwa kila alama. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima, na ya pili ina manane ambapo unachagua matano ya alama 10 kila moja. Swali la alama tatu likikula dakika ishirini, ndugu yangu, umejiibia mwenyewe. Tena uonyeshe njia, kwa kuwa njia nayo ina alama zake, hata jibu la mwisho likikataa.

Najua wapo watakaosema, "Wewe unaongea tu! Kazi ya ziada ni nyingi, na tusipoimaliza tunaadhibiwa." Hapo wana haki. Ndiyo maana nina ombi kwa walimu wetu, na mniwie radhi. Mwanafunzi akileta hesabu tatu alizozitoa jasho, na nyingine akaandika "hapa nilikwama", tafadhali asiadhibiwe kuliko yule aliyeleta kumi za kunakili. La sivyo mnatufunza kudanganya bila kujua. Vile vile, karatasi za mtihani zinaporudishwa, alama husomwa kwa sauti kutoka juu hadi chini. Sisi wa chini hukunja karatasi na kuificha, na hatuifungui tena. Makosa yetu yote yamo mle! Tupeni kipindi kimoja tu cha kuyasahihisha.

Nanyi maprofesa wetu, kumpa mwenzako daftari si kumsaidia. Mketishe, mwulize amekwama wapi, mweleze. Ukishindwa kueleza, ujue hata wewe hujaelewa.

Tusidanganyane kwamba hisabati tunaweza kuikwepa. Tangu mwaka 2023, alama ya wastani ya KCSE huhesabiwa kwa hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Mengine unaweza kuangusha moja ukapona. Hisabati iko pale pale. Na siku hiyo daftari la profesa halitaingia chumbani pamoja nawe.

Mimi sijawa bingwa. Muhula wa tatu nilipata 41, na muhula uliopita 58. Lakini hizo 58 ni zangu, nazijua moja moja zilikotoka. Asubuhi hizi daftari likipita dawatini kwangu, nalipitisha bila kulifungua. Wengine hunicheka. Wacheke tu, tutakutana Novemba.