Belo Lililofungwa

Mama mmoja wa jumuiya yetu alitaka kuchukua ada ya shule ya mtoto wake anunue belo la mitumba, kilo 45, apate kuuza kwa picha za WhatsApp. Akaja kuniuliza. Nikamwambia: Mama, belo huuzwa limefungwa. Ukishakata kamba, mali ni yako, nzuri na mbovu. Nguo safi chache ndizo zitakazorudisha fedha. Zilizochanika ni matambara tu. Mimi niliwahi kupata makoti ya baridi, na kwetu huku ni joto tupu!

Basi wakaungana akina mama watatu, wakanunua moja kwa shirika. Faida si haba. Ada haikuguswa. Nguo yenye tundu hulipiga picha tundu lenyewe, mnunuzi alione kabla hajatuma fedha.