Maji Moto, Walinzi wa Mnazi

Mkwezi ashukapo mnazini akijikuna, neno lake la kwanza huwa kwamba viota vya maji moto vichomwe. Dada msomaji, kabla hujaridhia, wajue kwanza chungu hawa.

Maji moto hujenga viota kwa kushona majani mabichi kwa nyuzi za mabuu wao. Huuma vikali, lakini kwa mnazi wao ni walinzi. Yuko mdudu afyonzaye vidaka, navyo huanguka kabla havijawa vitale. Nazi huchukua takriban mwaka mzima kukomaa, hivyo vidaka vya leo vikipotea, jiko na soko huja kuzikosa nazi hizo mwakani. M. J. Way, mtafiti aliyechapisha uchunguzi wake wa Unguja katika miaka ya 1950, alionyesha kuwa minazi yenye maji moto wengi husalimika na mdudu huyo. Mikorosho nayo hulindwa vivyo hivyo.

Wako chungu wengine wadogo, wa kahawia, wenye vichwa vikubwa, wakaao shinani. Hao huwafukuza maji moto, wala hawauzuii ufyonzaji kule kileleni. Dawa ya kupuliza nayo huwaua walinzi pamoja na mharibifu.

Basi viota tuviache. Tufunge kamba kutoka mti hadi mti ili maji moto wapate njia, na mkwezi tumpe majivu ya kuni ajipake mikononi na miguuni kabla ya kupanda.