Hakuna Anayeuliza Mpira Unalipa Ngapi

Mvua ndefu ikishafika Mwea, kila boma linageuka kibarua. Toka Wang'uru uelekee Kimbimbi ujionee: udongo mweusi umeng'ang'ania gambuti, majani yamefika magotini, mtaro umeziba, maji yamesimama nyuma ya nyumba na mbu washahamia. Hiyo kazi lazima ifanywe, na hapo sibishani na mtu. Huku kwetu kwenye mpunga, maji yaliyosimama si uchafu tu. Ni malaria.

Ninachobishania ni nani anaitwa.

Anaitwa msichana aliyeketi na shanga zake. Kila mara. Ako na uzi, sindano na kisahani cha shanga, anahesabu safu ya bangili, halafu sauti inatoka jikoni: "We, wacha hiyo michezo yako, kuja ufyeke." Saa hiyo hiyo kaka yake amevaa njumu anaelekea uwanjani, na hakuna mtu anamuuliza mpira unalipa ngapi. Hajawahi kuleta nyumbani hata mia mbili. Lakini huo ni mpira, eti wacha kijana anyooshe mwili. Shanga za dada ndizo zinadaiwa hesabu: unauza? Unauzia nani? Zimeleta ngapi?

Na ukiwa wewe ndiye uko nyumbani, umeisha kabisa. Mimi niliacha chuo, najua hii sheria ya "si wewe huna kazi." Ni kama saa zako zote zimewekwa mezani na kila mtu anaweza kujipakulia.

Usiseme ni mimi tu nalalamika. Utafiti wa kitaifa wa matumizi ya muda wa 2021, ule wa Shirika la Takwimu la Kenya, KNBS, ulionyesha kwamba kwa kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa, wanawake wanatumia karibu mara tano ya muda wanaotumia wanaume. Mara tano! Hiyo haianzi mtu akiolewa. Inaanzia hapo kwa uwanja, siku slasha inapopewa dada na mpira kaka.

Sasa najua wenzangu watasema nini: "Basi geuza iwe biashara, watakuheshimu." Hapo ndipo tunakosana. Biashara ya shanga ni kitu kizuri. Kazuri ilianza 1975 kule Karen, Nairobi, Susan Wood akiwa na akina mama wawili waliokuwa wanalea watoto peke yao, na shanga zao za udongo zikaja kuwapa kazi mamia ya wanawake. Heshima kwao. Lakini ile ni ajira, iko na saa za kazi na mshahara. Mimi naongea kuhusu saa moja ya Jumamosi. Kwa nini msichana ajisajili kama kampuni ndiyo aruhusiwe kuketi?

Shosho za shosho zetu walivaa hang'i masikioni, na shingoni shanga kwa shanga. Walilima, walichota maji, walibeba kuni, na bado urembo ulikuwa na nafasi yake kwa maisha. Hawakuwa wavivu. Halafu sisi wajukuu wao tunaambiwa kutunga shanga ni kupoteza wakati?

Wazazi, naongea kwa heshima, lakini naongea. Hamtudai kazi tu, mnatudai na sababu ya kupumzika. Kijana akipumzika ni mapumziko, msichana akipumzika ni uvivu. Mkishangaa kwa nini binti anajifungia chumbani akisikia slasha ikinolewa, jibu ndilo hilo.

Suluhisho halihitaji mkutano wa ukoo. Ijumaa jioni, chukueni karatasi. Andikeni kufyeka, kuzibua mtaro, kumwaga maji kwa matairi na ndoo kuukuu, kufagia, kuchoma taka. Hesabuni watu walio nyumbani, si wasichana walio nyumbani. Gawanyeni. Baba pia ni mtu, jina lake liingie. Mtu akimaliza sehemu yake, muda unaobaki ni wake, awe anapiga mpira, analala ama anatunga shanga. Asiulizwe.

Makaka, slasha haina jinsia. Mtaro haujui kama aliyeuzibua ana ndevu. Na mbu akikuuma hataangalia ni zamu ya nani.

Na wewe dada, fanya sehemu yako vizuri, usiache kona ili upate cha kutetea. Ukimaliza, nawa mikono, keti, toa kisahani chako. Ukiulizwa hiyo bangili ni ya nini, sema ni ya mkono.