Video za nyumbani: programu ipi ni rahisi?

Fundi mitambo mmoja wa Temeke ametuandikia barua ambayo nimeisoma mara mbili, kwa sababu tatizo lake ni la nyumba nyingi mjini. Binti yake ameolewa. Siku ya harusi ndugu na marafiki walipiga video kwa simu zao, kila mtu kwa pembe yake, na sasa mzee huyu amekusanya vipande vya saa sita visivyo na kichwa wala miguu. Anataka kuvikata na kuviunga viwe video ya saa moja, apate kumpelekea mama yake mzazi kijijini, ambaye magoti hayakumruhusu kusafiri. Mwenye duka la video alimtajia bei iliyomfanya aage kwa heshima na kuondoka. Kisha kijana mmoja akamwambia kwamba kwa shilingi 20,000 atamwekea katika kompyuta yake programu ya kuhariri wanayotumia wakubwa, iliyokwisha kuvunjwa kufuli. Ndugu yetu anauliza: ainunue? Na asipoinunua, atumie ipi?

Jibu la swali la kwanza ni fupi. Asiinunue. Programu iliyovunjwa kufuli aghalabu hukutaka kwanza uzime kinga ya virusi ya kompyuta yako, na mgeni anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia uani hana budi kutiliwa shaka. Wako watu waliopoteza nywila za barua pepe na za benki kwa njia hiyo hiyo. Isitoshe, ununuzi wenyewe hauna haja, kwa kuwa zipo programu za halali zisizodai hata senti moja ambazo zinaimudu kazi ya harusi na zaidi ya harusi.

Swali la pili ndilo gumu. Lugha yetu ina neno moja, rahisi, kwa kitu kisicho na gharama kubwa na kwa kitu kisicho na taabu. Katika programu hizi mambo hayo mawili hayaendi pamoja sikuzote. Ile isiyo na gharama yaweza kukulazimisha kununua kompyuta mpya. Ile isiyo na taabu yaweza kukudai fedha kila mwezi, au kugonga muhuri wake juu ya uso wa bibi harusi.

Inayosifiwa kuliko zote ni DaVinci Resolve. Asili yake ni mitambo ya kurekebishia rangi za filamu, ambayo zamani iliuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola na kukaa katika studio za matajiri tu. Mwaka 2009 kampuni ya Blackmagic Design ya Australia ilizinunua mali za wale waliokuwa wakiitengeneza, na mwaka 2011 ikatoa toleo la bure. Toleo la bure lingalipo. Halipigi nembo juu ya kazi yako, halina tarehe ya kwisha, na hutoa video za ukubwa wa 4K. Toleo kamili liitwalo Studio limeuzwa kwa muda mrefu kwa dola 295 za Marekani, malipo ya mara moja, na mtu wa nyumbani hana haja nalo. Kampuni hiyo haitoi sadaka. Inauza kamera na vifaa vya studio, na anayejifunza bure leo ndiye mnunuzi wake wa kesho. Mimi sioni ubaya katika biashara ya namna hiyo, madhali kila upande unajua unachopata.

Je, mazungumzo yamekwisha? La, kwani programu hii ni lori la tani thelathini. Inataka kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16 au zaidi, pamoja na kadi ya picha yenye nguvu. Ukiifungua katika kompyuta ya kawaida ya mtumba, picha zitakuwa zikikwama na kuruka, na jioni yako itaishia katika kusubiri. Mwenye kijana anayetaka kuifanya kazi hii iwe mkate wake, na mwenye mashine ya kutosha, amwanzishie hapo. Wengine tupite.

Ndugu yetu wa Temeke ametueleza kwamba kompyuta yake ni mpakato wa mtumba wenye kumbukumbu ya gigabaiti 8. Kwa mashine hiyo mimi ningechukua Shotcut. Hii ni miongoni mwa programu ambazo maandishi yake ya ndani yako wazi kwa kila mtu: yeyote mwenye ujuzi anaweza kuyasoma, kuyatengeneza na kuyaongeza, na hakuna anayeruhusiwa kuyafungia. Wazee wetu waliijua kazi ya namna hiyo, wakaiita ujima. Watengenezaji wake wanasema kumbukumbu ya gigabaiti 8 inatosha kwa video za kawaida za 1080, na gigabaiti 16 kwa zile za 4K. Hakuna nembo, hakuna kujiandikisha, na ukishaipakua mara moja haihitaji bando tena.

Sura yake haivutii, tuseme kweli. Ukiifungua mara ya kwanza utakutana na madirisha matupu, wala hakuna anayekukaribisha. Mtu asiyewahi kuhariri ajipe jioni mbili au tatu za kuhangaika. Hata hivyo, kazi ya harusi inahitaji mambo machache tu. Unakokota kipande kukiweka kwenye mstari wa muda, unasimama mahali unapotaka kukata, unabonyeza herufi S. Kipande kisichotakiwa unakichagua na kubonyeza X. Kinaondoka na vinavyofuata vinasogea kuziba pengo. Ukisukuma kipande kimoja kikalala kidogo juu ya kingine, programu yenyewe inatengeneza mpito wa picha moja kufifia ndani ya nyingine. Aliyejua hayo matatu ameijua nusu ya kazi.

Kuna shida moja ambayo wengi huisingizia programu, kumbe mwenye kosa ni simu. Simu nyingi hazipigi video kwa mwendo usiobadilika. Idadi ya picha katika kila sekunde hupanda na kushuka, hasa penye mwanga hafifu kama ukumbini usiku. Kwenye simu huoni kitu. Lakini ukileta kipande hicho katika programu ya kuhariri, sauti yaweza kuachana na midomo taratibu, hata shehe au padri akawa anasema na neno likamfuata nyuma. Shotcut hulitambua jambo hilo na kukuuliza kama ungependa kukigeuza kipande kiwe cha mwendo mmoja. Mkubalie, hata kama kusubiri kutakuchosha. Mafaili yatokanayo na kugeuza huko ni makubwa, kwa hiyo uwe na diski ya nje yenye nafasi. Na mashine ikilemewa, kuna mahali pa kuwasha vivuli, yaani nakala ndogo za kufanyia kazi. Unakata na kuunga kwa kutumia vivuli, na mwishoni programu inarudi yenyewe kwenye picha za asili.

Kdenlive ni ya ujima vilevile, nayo ina mengi zaidi ndani yake, anayeizoea haiachi. OpenShot ni nyepesi kujifunza kuliko zote mbili, ila ningeitumia kwa kazi fupi, si kwa saa sita.

Wenye kompyuta za Apple hawana haja ya kusoma sana. iMovie ilizaliwa mwaka 1999, ni ya bure kwa mwenye mashine ya kampuni hiyo, na kwa video ya familia sijaona inayoishinda kwa wepesi. Wenye Windows 11 nao watakuta Clipchamp imekwisha kuwekwa ndani. Microsoft iliinunua mwaka 2021. Toleo lake la bure hutoa video za 1080 bila nembo. Kwa salamu za sikukuu au dakika kumi za mtoto akikata keki, inafaa sana. Hata hivyo, inataka ujiandikishe kwa akaunti, na imejengwa juu ya mtandao. Siku intaneti inaposuasua, nayo husuasua.

Vijana watasema kwamba mzee huyu anazunguka tu, CapCut i mkononi. Ni kweli, kwa simu haina mpinzani kwa wepesi, na kipande cha mwishoni chenye jina lake unaweza kukifuta. Walakini baadhi ya mapambo yake sasa ni ya kulipia, na mara nyingi unagundua hivyo unapokwisha kuyatumia na kutaka kuitoa kazi. Kuna jambo zito zaidi. Mwezi Januari 2025, sheria ya Marekani dhidi ya ByteDance, kampuni ya China inayoimiliki, ilipoanza kutumika, CapCut ilizimika huko. Baadaye ilirudi, lakini aliyekuwa na kazi ya wiki nzima ndani yake siku ile alilala nje ya nyumba yake mwenyewe. Itumie, ila kila unapofika mahali pa kupumzika itoe video uliyokwisha kuihariri uiweke kwenye simu yako.

Kuhusu za kununua nitasema machache. Filmora hukuachia ujaribu bure, lakini usipolipa, video yako hutoka na nembo. Premiere Elements ya Adobe kwa miaka mingi ulikuwa ukiinunua mara moja ikawa yako. Tangu toleo la 2025 unanunua ruhusa ya miaka 3, kisha unaanza upya. Kwa kazi moja ya harusi sioni sababu ya kuingia mkataba wa namna hiyo.

Sasa niseme lililonifanya niijibu barua hii kwa urefu. Miaka michache iliyopita nilimrekodi mama mkwe wangu, marehemu sasa, akiwasimulia wajukuu jinsi alivyokuja mjini kwa treni akiwa msichana. Yalikuwa mazungumzo ya dakika arobaini. Niliyahariri kwa makini, nikabonyeza mahali pa kuhifadhi, nikanakili lile faili dogo kwenye flashi, na kwa kuwa simu ilikuwa imejaa, nikafuta video za asili. Siku ya arobaini ya msiba wake tulikusanyika, flashi ikachomekwa. Kulikuwa na masanduku matupu tu na maneno kwamba mafaili hayaonekani. Nilichokuwa nimekihifadhi ni mradi, yaani karatasi ya maelekezo inayosema kata hapa, unga pale. Picha zenyewe hazikuwamo. Kilichobaki cha sauti ya mama yule ni dakika mbili ambazo shemeji yangu alizituma kwenye kundi la familia la WhatsApp, tena zimefifia. Mke wangu hakunilaumu, nami hadi leo ningeona nafuu kama angenilaumu.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Temeke, iwe Shotcut au nyingine yoyote, kuhifadhi mradi ni jambo moja na kutoa video ni jambo jingine. Mradi hauwezi kutazamwa, na mara nyingi hausomeki na programu nyingine. Waliofanya kazi zao kwa Windows Movie Maker walilijua hilo ilipoondolewa mwezi Januari 2017, wakabaki na miradi isiyo na wa kuisoma, ilhali wale waliokwisha kutoa video zao wanazitazama hata sasa. Toa video yako kwa namna ya MP4, kisha usifute za asili mpaka uwe na nakala zake katika diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti.

Nafasi si jambo dogo. Simu ya iPhone huonyesha katika mipangilio yake kwamba dakika moja ya video ya 1080, picha 30 kwa sekunde, hula kama megabaiti 60, na ya 4K kama 170. Kwa saa zako sita hiyo ni kama gigabaiti 22 au 61. Usidanganyike kuzihifadhi mtandaoni kwa bando la wiki. Na wale wapwa ambao bado hawajakuletea vipande vyao, waambie wasivitume WhatsApp kama video, maana hubanwa vikapoteza ubora. Wavitume kama faili la kawaida, ambalo linaruhusiwa hadi gigabaiti 2, au bora zaidi waje na simu zao na waya, wapate na chai.

Neno la mwisho ni la televisheni ya mama. Flashi nyingi huja zimepangwa kwa utaratibu wa FAT32, ambao haukubali faili moja lizidi gigabaiti 4. Video ya saa moja ya 1080 kwa kawaida haifiki hapo, lakini ukiona kompyuta inakataa kunakili, usidhani flashi ni mbovu. Igawe kazi yako mara mbili, ndoa peke yake na sherehe ya ukumbini peke yake. Jaribu kwanza kwenye televisheni ya jirani, kwa sababu kijijini hutapata nafasi ya kurudia. Halafu utuandikie, utuambie bibi alisema nini alipomwona mjukuu wake.