BANGI: DAWA KWA BAKUBWA, KASHO KWA VIJANA



Kila mutaa wetu unajua hii hadithi. Kijana anakamatwa magaribi na kamusokoto kamoja ka bangi. Hafikishwi mbele ya juji. Analala mu kasho, mama yake anazunguka usiku kutafuta makuta, analipa bila karatasi, na asubuhi mutoto anatoka. Wiki ijayo wanamukamata tena. Bangi haikupunguka mu mutaa. Mufuko wa mama njo ulipunguka.

Wakati ule ule, ngambo ya mipaka yetu, jani lile lile limekuwa kiwanda. Kule Kasese, ukivuka tu Kasindi kuingia Uganda, kampuni ililima bangi ya dawa kwa soko la Israel. Rwanda, mwezi wa 10 mwaka 2020, baraza la mawaziri lilikubali kulima bangi ya dawa na kuiuza inje, na mwaka 2021 amri ya waziri wa afya ikatoka. Kuvuta kungali marufuku kule. Kuuza ni ruhusa. Lesotho ilitangulia mwaka 2017, Zimbabwe mwaka 2018, Malawi mwaka 2020. Na mwezi wa 12 mwaka 2020, tume ya Umoja wa Mataifa juu ya dawa za kulevya ilipiga kura, 27 kwa 25, ikaondoa bangi kwenye orodha kali kuliko zote.

Musidanganyike: hawa hawauzi misokoto. Wanauza teknolojia. Miche inakuzwa mu labo kutoka kipande kidogo cha mumea mumoja, ili yote ifanane. Taa zinawaka na kuzimwa kwa saa zilizopimwa, juu mwangaza njo unaamuru mumea utoe maua wakati gani. Maua yakikauka, gazi ya kaboni iliyokandamizwa inakamua mafuta yake. Kisha mashini inapima: THC, ile inayolewesha, iko ngapi? CBD, ile isiyolewesha, iko ngapi? Kuna kuvu? Kuna sumu ya wadudu? Bila cheti, Ulaya haipokei hata gramu moja. Mwaka 2018 Marekani iliruhusu Epidiolex, dawa ya CBD, kwa watoto wenye aina mbili kali za kifafa. Tuseme pia ukweli: kwa magonjwa mengi ushahidi ungali mudogo. Mwenye anakuambia bangi inaponyesha kila kitu, huyo ni muuzaji, siyo muganga.

Na sisi je? Congo haikujua bangi jana. Kule Kasai, karne ya 19, watu wa Kalamba Mukenge walijiita Bena Diamba, wana wa bangi. Waliivuta pamoja kama alama ya urafiki na amani. Wakoloni wakaja, wakakataza. Wakoloni walienda mwaka 1960, marufuku yao ikabakia. Wakubwa wetu walirithi kufuli, hawakujenga labo.

Na hiyo kufuli inafunga nani? Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walishaandika kwamba biashara ya bangi ya Kivu ya Kaskazini inalisha wenye bunduki. Marufuku haikuwazuia. Iliwapa soko lisilo na ushuru, lisilo na mushindani. Mwenye kufungwa ni yule hana bunduki na hana makuta.

Lakini tuko na woga mwengine, na ni mukubwa zaidi. Kesho mutu mumoja atasaini karatasi Kinshasa, usiku, na tutasikia kwenye redio kwamba bangi ya dawa imeruhusiwa, kwa kampuni ambayo hakuna anayejua mwenyewe. Tulishaona hiyo filme na coltan: shimo letu, vumbi letu, faida yao. Lesotho, wakulima wa milimani walilima matekoane kwa miaka mingi. Ruhusa ilipokuja, ilienda kwa makampuni yenye pesa za inje. Zimbabwe iliweka bei ya ruhusa dola 50,000. Mukulima gani wa Lubero iko na dola 50,000?

Kwa hiyo tunadai:

1. Mujadala wa wazi Bungeni, mbele ya wananchi. Hakuna mukataba wa siri juu ya huu mumea.

2. Biashara ya kasho ikome. Anayekamatwa afikishwe mbele ya sheria. Mwenye kushikwa na ulevi apelekwe kwa muganga. Pesa yoyote bila karatasi ni wizi.

3. Labo kwanza. Vyuo vyetu vikuu vinafundisha famasia. Wapewe mashini, wapime, wafundishe vijana. Tusiuze majani mabichi tukanunua chupa.

4. Mugonjwa wa Congo kwanza. Mama mwenye kansa anakufa akilia na maumivu juu hata morfini hakuna. Kabla ya kutuma dawa Ulaya, tuonyesheni ile imefika kitandani kwake.

5. Ruhusa kwa vyama vya wakulima, kwa bei wanayoweza, siyo kwa makampuni peke yake.

Wengine watasema: hawa vijana wanataka kuvuta. Hapana. Hatusemi muvute. Bangi inaharibu akili ya mutoto anayekomaa, na wale walioharibika ni wenzetu, tunawajua kwa majina. Sisi tunasema kitu kimoja: hamuwezi kutufunga leo kwa mumea ule ule mutauza kesho.

Wewe unayesoma: uliza mubunge wako, kwa jina, anasimama wapi. Na siku watakuja kudai pesa juu ya ndugu yako, usilipe mu giza. Uliza karatasi. Andika saa, andika tarehe, itisha wenzako mukuje wengi.

Kufuli walirithi wao. Ufunguo ni wetu.