Ufunguo Ukae Mfukoni mwa Aliye Ndani

Tarehe 11 Agosti mwaka 2025, katika kijiji cha Nyandolwa, Wilaya ya Shinyanga, maduara ya mgodi wa wachimbaji wadogo yalititia na kuwafukia watu 25. Siku zilipita ndugu na jamaa wakikaa kando ya mashimo, wakingoja. Baadhi ya waliofukiwa waliopolewa wakiwa hai. Wengine walitolewa wakiwa maiti. Taifa lote liliomboleza, nasi tuliomboleza pamoja nalo.

Lakini katika taarifa za msiba ule lilikuwamo neno moja ambalo twaona halikutiliwa maanani kama ilivyopasa. Ilielezwa kwamba watu wale walikuwa katika kazi ya ukarabati. Yaani mauti hayakuwakuta katika kuvuna dhahabu, bali katika kutengeneza mahali pa kuivunia.

Neno hilo ndilo tutakalo kulizungumza leo na ndugu zetu wa Mwakitolyo, kata ya wilaya hiyo hiyo, ambako wananchi wengi hupata riziki zao katika maduara, kwenye winchi, kwenye makarasha na kwenye mialo. Na tukisema na Mwakitolyo, twasema pia na wachimbaji wote wa ukanda wa dhahabu, kutoka Kahama hadi Geita.

Mashine inayokwenda hujitangaza yenyewe. Hunguruma, hutikisa ardhi, hutoa vumbi, na kila mwenye akili timamu huweka mkono wake mbali. Mashine iliyosimama haitangazi neno. Kwa hiyo mtu huisogelea bila hofu, akaingiza mkono katika taya la karasha kulitoa jiwe lililokwama, akajipenyeza nyuma ya mkanda, au akaingiza kichwa na mabega katika pipa la kinu kuzitazama gololi. Wakati huo hana pa kukimbilia. Mwenzake akiwasha swichi bila kujua kuna mtu ndani, yatakayotokea hayahitaji kuelezwa hapa.

Kuna kosa moja ambalo twaliona ni kubwa kuliko yote. Umeme unapokatika, wafanyakazi husema, "Sasa ndiyo nafasi ya kusafisha karasha." Ndugu, umeme kukatika si mashine kuzimwa. Swichi ingali imewashwa, nao umeme utarudi wakati wowote bila kumwuliza mtu ruhusa. Hali ni hiyo hiyo pale jenereta linapoishiwa mafuta. Kijana akilijaza na kuliwasha kwa nia njema kabisa, aweza kumwua baba yake aliye upande wa pili wa kibanda.

Tena hata swichi ikizimwa kweli kweli, nguvu haijaisha yote. Kinu kilichosimama huku mawe yameelemea upande mmoja chaweza kugeuka chenyewe kwa uzito wake. Ndoo iliyoning'inia kwenye kamba ya winchi yangoja breki ilegee tu ishuke juu ya kichwa cha aliye chini. Mpira wa kompresa wabaki na upepo mwingi uliobanwa, na ukifunguliwa ghafula hupiga kama fimbo. Mashine kusimama ni jambo moja. Mashine kuishiwa nguvu ni jambo jingine.

Katika maduara iko hatari nyingine ambayo jicho haliioni. Pampu ya kuvutia maji inayoendeshwa kwa mafuta ikishushwa shimoni, hutoa moshi wenye gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Pampu ikizimika, fundi hushuka kuitazama. Injini imekufa, lakini sumu ingali hai pale chini. Fundi huanguka, mwenzake hushuka kumwokoa, naye huanguka, na wa tatu hufuata. Injini ya mafuta haifai kamwe kushushwa katika duara, na mtu asishuke mahali palipojaa moshi kabla hewa safi haijapelekwa, hata kama anayelia chini ni ndugu yake wa damu.

Asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya wachimbaji wadogo wasiosoma. Usiku wa tarehe 6 Julai mwaka 1988, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Uskochi, kituo cha kuchimbia mafuta kilichoitwa Piper Alpha kililipuka na kuungua, wakafa watu 167. Chanzo chake kilikuwa pampu moja iliyozimwa kwa matengenezo. Mafundi wa mchana walikuwa wameondoa valvu yake ya usalama, kazi haikwisha, wakaenda zao. Pampu ya pili ilipoharibika usiku, watu wa zamu wakaiwasha ile ya kwanza bila kujua ina upungufu gani. Habari haikutoka zamu moja kwenda nyingine. Walikuwa na elimu, walikuwa na mitambo ya fedha nyingi, na walikuwa na makaratasi ya vibali. Walichokosa ni kitu kilichofungwa kwenye pampu yenyewe, ambacho mtu asingeweza kukipita bila kukiona.

Kitu hicho ni kufuli. Marekani iliiweka kanuni hiyo katika sheria zake za viwanda mwaka 1989, nayo migodi mikubwa duniani huifuata kila siku. Si elimu ya siri, na kila mtu wa Mwakitolyo aweza kuielewa kwa kuisikia mara moja.

La kwanza, kabla ya mtu kuigusa mashine kwa matengenezo au kwa kusafisha, wote walio karibu waambiwe kwamba mashine inazimwa. La pili, izimwe kwenye swichi kuu, au mafuta ya injini yafungwe. La tatu, swichi hiyo ifungwe kwa kufuli, na kibao kitundikwe chenye jina la aliye kazini. La nne, nguvu iliyobaki iondolewe: ndoo ishushwe chini, upepo utolewe katika mipira, kinu kitiwe kabari kisigeuke. La tano, ajaribu kuiwasha kwa makusudi, aone kwamba haiwaki, kisha airudishe swichi mahali pa kuzima. Hapo ndipo aingie.

Na ufunguo je? Ufunguo ukae mfukoni mwa aliye ndani. Usikae kwa msimamizi, wala kwa mwenye karasha, wala msumarini ukutani. Wakiingia mafundi watatu, yawekwe makufuli matatu, kila mmoja na ufunguo wake, na mashine isiwake mpaka wa mwisho ametoka na kufungua lake kwa mkono wake mwenyewe. Zamu ikibadilika kabla kazi haijaisha, anayetoka na anayeingia wakutane uso kwa uso mbele ya mashine, kufuli la mmoja litolewe baada ya la mwenzake kuwekwa.

Kufuli huuzwa katika kila gulio. Basi tujiulize kwa nini halionekani. Jibu twalijua, wala hatutalificha. Katika uchimbaji mdogo wafanyakazi wengi hawana mshahara. Hulipwa kwa mgawo wa mifuko ya mawe. Karasha likisimama, hakuna anayepata kitu. Mwenye mawe anasubiri, mwenye karasha anasubiri, na mtoto nyumbani anasubiri unga. Katika hali hiyo kila mtu humhimiza fundi afanye haraka, na fundi mwenyewe hujihimiza kuliko wote. Kumwambia mtu wa namna hiyo "chukua tahadhari" bila kumwambia atakula nini ni kumdhihaki.

Kwa hiyo twatoa rai yetu waziwazi. Siku ya matengenezo iwe siku ya kazi yenye malipo. Mwenye karasha na mwenye duara waitenge gharama hiyo mapema, kama watengavyo fedha za mafuta na za baruti, ili fundi asiuze maisha yake kwa kuokoa nusu saa. Mashine inayomwingizia mtu mapato siku zote haiwezi kukosa posho ya siku moja ya kumlinda anayeitengeneza.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, ilichukua nafasi ya ile Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950 tuliyoirithi kutoka kwa wakoloni. Yamtwika mwajiri wajibu wa kulinda maisha ya wafanyakazi wake, na yawatambua wawakilishi wa usalama kutoka miongoni mwao. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyouzaa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Lakini asiye na mkataba, ambaye jina lake halimo katika daftari lolote, akikatika mkono hupata pole na michango ya majirani, kisha husahauliwa. Kuandikishwa kwa wafanyakazi wa maduara na makarasha ni sehemu ya usalama wao.

Wakaguzi wa Serikali twawaomba wasiishie kutazama leseni na risiti. Wafikapo kwenye karasha waulize: kufuli liko wapi, na ufunguo anao nani? Swali hilo moja litawaonyesha mengi. Viongozi wa Chama wa mashina na matawi yaliyo katika maeneo ya machimbo nao walichukue jambo hili katika vikao vyao. Kiongozi asiyejua winchi ya jirani yake ina breki au haina, hajawajua watu anaowaongoza.

Nanyi wafanyakazi, mnayo haki ya kukataa kuingia katika mashine isiyofungwa au duara lisilo salama. Shirika la Kazi Duniani liliitambua haki hiyo ya wachimbaji katika Mkataba wake Na. 176 wa mwaka 1995. Anayekataa kuingia asiitwe mwoga wala mvivu. Wenzake wasimame naye, maana kesho zamu ni yao.

Wako watakaotujibu kwa msemo wa zamani, kwamba ajali haina kinga. Twaukubali kwa radi na kwa tetemeko la ardhi. Hatuukubali kwa swichi iliyowashwa na mkono wa mtu. Mwaka 2015, huko Nyangalata, Wilaya ya Kahama, watu watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, na wengi wakauita muujiza. Nasi twashukuru kwa muujiza ule. Lakini taifa haliwezi kuendesha migodi yake kwa kungojea miujiza.

Kesho asubuhi, kabla karasha la kwanza halijanguruma Mwakitolyo, mwenye karasha anunue kufuli, na ufunguo wake amkabidhi fundi. Hatuombi zaidi ya hapo kwa siku ya kwanza.