Kiharusi na Usemi: Mgonjwa Aulizwe kwa Lugha Ipi?

Mtu apatwapo na kiharusi, watu wa nyumbani hutambua kwanza mkono ulioishiwa nguvu na mdomo uliokwenda upande. La pili, ambalo aghalabu huwatisha zaidi, ni usemi. Baba aliyezungumza barabara jana, leo anatoa neno moja tu, au anamwaga maneno mengi yasiyoeleweka. Na papo hapo hukumu hupitishwa kwamba amerukwa na akili, au amerogwa.

Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Kwa watu walio wengi, lugha hutawaliwa na upande wa kushoto wa ubongo. Mshipa wa damu uendao huko ukiziba au ukipasuka, seli zilizokosa damu huanza kufa katika muda wa dakika chache, na ndiyo maana mgonjwa hana budi kufikishwa hospitali bila kukawia. Mwaka 1861 daktari Mfaransa, Paul Broca, alimchunguza mgonjwa ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka zaidi ya silabi «tan», ingawa alifahamu mengi aliyoambiwa. Alipofariki, dhara lilionekana katika sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kushoto. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke alieleza hali nyingine: maneno yanatiririka lakini yamevurugika, wala mgonjwa hafahamu vema asemalo mwenzake. Hapo dhara liko nyuma zaidi, jirani na sikio. Hali hizi zote huitwa afasia. Nayo ni tofauti na ulegevu wa misuli ya ulimi na midomo, ambao hufanya matamshi yawe mazito huku lugha yenyewe ikiwa salama.

Hayo yamo vitabuni. Lisilosemwa vya kutosha ni kwamba wagonjwa wa Broca na Wernicke waliulizwa maswali kwa lugha ya nyumbani kwao. Je, ndivyo ilivyo Ubaruku?

Katika mji huo wa wakulima wa mpunga, wilayani Mbarali, Kisangu husikika pamoja na Kibena, Kihehe, Kinyakyusa na Kisukuma, na Kiswahili huwaunganisha wote. Mzee aliyelelewa kwa Kisangu, akakipata Kiswahili shuleni au katika kazi za mashambani, ana lugha mbili katika ubongo mmoja. Na kiharusi hakizigawi sawasawa. Mwaka 1881 Mfaransa Théodule Ribot alishikilia kwamba lugha ya utotoni ndiyo isalimikayo. Mwaka 1895 mwenzake, Albert Pitres, akasema ile iliyotumika sana kabla ya ugonjwa ndiyo hurudi kwanza. Wagonjwa wamempa haki mara huyu, mara yule. Wengine hurudiwa na lugha zote kwa pamoja. Basi tabibu amwonyeshaye mzee huyo jembe na kumwuliza kwa Kiswahili tu, kisha akaandika kwamba hajui kitu, amepima nusu ya mgonjwa.

Vipimo vya kigeni navyo havifai kutafsiriwa neno kwa neno. Vingi vilitungwa kwa lugha za Ulaya, na Mwingereza mwenye afasia ya Broca aghalabu huangusha viambishi na maneno madogo, akabaki na maneno makuu. Mswahili ataangusha nini katika «hatukumwona»? Neno hilo moja limebeba ukanusho, mtenda, wakati, mtendwa na mzizi. Na mzizi «-on-» peke yake hautamkiki kama neno. Kwa wasemaji wa Kiebrania, ambako pia mzizi hausimami peke yake, imeonekana kwamba wagonjwa hubadili umbo badala ya kuliacha. Yamkini ya Kiswahili na Kisangu yafanana na hayo, na huo ni uwanja wa utafiti unaowangoja vijana walio madarasani sasa.

Wala asidhani mtu kwamba haya ni maradhi ya mbali. Uchunguzi uliofanywa Hai na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta, baada ya kusawazisha umri, wagonjwa wapya wa kiharusi wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 316 Dar es Salaam. Wataalamu wa tiba ya usemi nchini bado ni wachache mno.

Kazi ya kuanzia yaweza kufanywa na shule za sekondari zenyewe. Wanafunzi wachore vitu hamsini vya nyumbani, kama vile kinu, chungu, jembe na ng'ombe, na chini ya kila picha waandike majina yake kwa kila lugha isemwayo mtaani, wakiwauliza bibi na babu zao. Kitabu hicho kiwekwe zahanati. Na kabla ya kukifungua, mganga awaulize jamaa swali moja: mzee huyu aliota, aligombana na kuhesabu fedha zake kwa lugha gani?